Miaka Thelathini na Moja Kwenye Kiti Kifupi

Mwalimu wetu wa darasa la awali alistaafu rasmi Ijumaa iliyopita, saa sita kamili mchana, baada ya miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku tisa za utumishi. Muda wote huo aliutumia katika chumba kimoja, kile cha mwisho upande wa kulia, kinachotazamana na bomba la maji. Inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu yake aliketi kwenye kiti cha mtoto chenye kimo cha sentimita ishirini na sita kutoka sakafuni. Kiti kimepimwa. Walimu wenzake tulimwita Bi Vikaratasi, naye aliitika.

Wasifu huu ni rasimu ya pili. Ya kwanza iliandikwa na mwandishi huyu huyu, ambaye ni mwalimu wa taaluma wa shule, yaani mtu anayekusanya alama, kuzijumlisha na kuzipeleka juu. Kamati ya hafla ilimpa kazi hii kwa sababu mwandiko wake unasomeka, na kwa sababu wengine wote walikuwa na udhuru. Rasimu ya kwanza ilimwita mstaafu "mwalimu bora, mchapakazi, mwenye upendo usio na kifani kwa watoto". Kwa heshima, mwandishi alimpelekea aisome kabla haijapigwa chapa. Ilirudi kesho yake asubuhi ikiwa na alama kumi na nne za wino wa kijani. Kando ya "mchapakazi" aliandika: Umeniona nikifanya nini? Kando ya "upendo usio na kifani": Umeulinganisha na wa nani? Na chini kabisa: Haya yote ni maoni. Rudia, andika ulichoona. Mwenyekiti wa kamati aliuliza kama rasimu ya pili nayo itapelekwa kusahihishwa, akajibiwa kwamba mpiga chapa hana muda huo.

Basi kilichoonekana ni hiki.

Mwalimu alifika shuleni akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Wiki ya kwanza alikabidhiwa watoto arobaini na mmoja, ufunguo wa kabati, na fomu ya matokeo. Fomu ilikuwa na safu za alama, na mwishoni kisanduku kilichoandikwa "Nafasi darasani". Watoto wenyewe walikuwa na miaka minne na mitano. Wengine walikuwa bado wanavaa viatu kushoto kulia. Alijaza majina, akajaza tarehe za kuzaliwa, kisanduku cha nafasi akakiacha wazi. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimwita ofisini amweleze nani amekuwa wa kwanza. Alijibu kwamba hajawaona wakishindana. Aliambiwa aende akafikirie. Alikwenda akafikiria kwa miaka thelathini na moja, na kisanduku kile hakijajazwa hadi leo.

Wazazi hawakulipokea jambo hilo kwa shangwe. Baba mmoja, fundi saa, alikuja akiwa amekunja uso, anataka kujua mwanawe amekuwa wa ngapi, maana jirani yake alikuwa na mtoto katika shule nyingine aliyekuwa wa tatu. Mwalimu alimpa kikaratasi. Kilisema: "Jumatano, saa nne kasoro robo. Amefungua kifuniko cha chupa kwa kukizungusha. Cha pili kimemkatalia. Amekitazama, amezungusha upande wa pili, kimefunguka. Ametabasamu peke yake." Fundi alikisoma akiwa amesimama, akakisoma tena akiwa amekaa, akaondoka bila kuuliza swali jingine. Inasemekana kikaratasi hicho bado kipo kwenye droo yake, pamoja na skrubu ndogo kuliko zote.

Hapa ni lazima kazi yenyewe ielezwe, kwa faida ya wale ambao kwa miaka mingi walidhani Bi Vikaratasi anaandika barua.

Alivaa aproni yenye mfuko mmoja mkubwa mbele. Ndani ya mfuko mlikuwa na kalamu ya wino wa kijani na vikaratasi vilivyokatwa kutoka migongoni mwa kalenda za zamani. Mtoto alipofanya jambo, awe anajenga mnara, anagombea baiskeli ya magurudumu matatu au anamfariji mwenzake aliyeanguka, Mwalimu aliketi kwenye kiti kifupi, akaandika siku, saa, na kilichotokea. Hakuandika "mwerevu". Hakuandika "mvivu" wala "mtundu". Jioni vikaratasi viliingia kwenye sanduku la viatu, kila mtoto na kibahasha chake. Yapo masanduku thelathini na moja. Mstaafu hakuwa na miguu mingi kiasi hicho. Mengi aliyaomba kwenye duka la viatu mtaa wa pili, ambako walimwona anakuja wakaanza kuyatoa yalikofichwa.

Alikuwa na kanuni zake, na hakuna aliyewahi kumyumbisha. Mtoto mwenye mafua hapimwi. Mtoto aliyepata mdogo wake wiki hiyo hapimwi, kwa kuwa akili yake ipo nyumbani inalinda nafasi. Mtoto hashindanishwi na mwenzake, anatazamwa alivyo leo na alivyokuwa mwezi uliopita. Jambo likionekana mara moja huandikwa "imetokea". Likionekana siku tatu tofauti, mahali patatu tofauti, ndipo huandikwa "anaweza". Na mzazi huulizwa swali moja tu: mtoto wako hufanya nini nyumbani wakati hakuna mtu anayemuuliza chochote? Wazazi wengi waliomba muda wa kwenda kutazama kwanza.

Vikaratasi vyenyewe ni vya kawaida. Mwandishi amepewa ruhusa ya kunukuu kimoja: "Alhamisi, saa tatu na nusu. Amegawa vikombe sita kwa watoto watano. Ametazama kilichobaki. Amewatazama wenzake. Amekunywa cha pili mwenyewe." Ofisi ya taaluma iliwahi kuuliza hiyo ni hesabu au ni maadili. Jibu lilikuwa kwamba mtoto hakutenganisha.

Wageni nao hawakusamehewa. Yeyote aliyetaka kuwapima watoto katika chumba kile alitakiwa kuketi kwa kimo chao. Mkaguzi mmoja, mtu wa mwili mkubwa, alikubali kwa shingo upande. Alipotaka kuinuka, kiti kilinyanyuka naye. Walimu tuliokuwa mlangoni tulitazama dari. Msichana wa miaka minne alimzunguka mkaguzi mara moja, akamwambia asogee kushoto kwanza, halafu avute pumzi. Kiti kikaanguka. Mkaguzi alipewa maji ya kunywa, na msichana akaandikiwa: "Ametatua tatizo la mgeni kwa hatua mbili. Zote mbili zilikuwa sahihi."

Sasa tufike kwenye mwaka wa mtihani, ambao umetimiza miaka kumi na moja. Hapa nitaacha kujiita mwandishi wa wasifu huu, maana si vizuri mtu kujificha nyuma ya cheo cha karatasi wakati kosa ni lake.

Mwaka huo ofisi ya elimu ilileta Mtihani wa Utayari. Ulikuwa na kurasa kumi na mbili, na kila mtoto wa miaka mitano alipaswa kuufanya kabla ya kuingia darasa la kwanza. Asiyefikisha alama kumi kati ya ishirini angerudia mwaka. Mwalimu ambaye darasa lake lote lingeanguka angeondolewa darasani. Kwa shule yetu hiyo ilimaanisha bohari ya vitabu, chumba kisicho na dirisha. Mimi niliukubali mtihani kwa mikono miwili. Kwa miaka ishirini Mwalimu alikuwa akinipa sentensi nami nikihitaji namba, na kila mwisho wa muhula nilikaa na vibahasha vyake nikitafuta mahali pa kuvijumlisha. Nilidhani hatimaye tutapumua.

Mtahini alikuja Jumatatu na sanduku la penseli mpya zilizochongwa. Kwa mujibu wa taratibu, mwalimu wa darasa hakuruhusiwa kuwepo, kwa hiyo Mwalimu alitolewa nje, akakaa kwenye ukingo wa bomba. Watoto ishirini na watatu walipangwa kwenye meza, kila mmoja akawekewa karatasi na penseli mbele yake. Waliambiwa hakuna kuongea. Mtahini akasema, kama mwongozo ulivyomwelekeza, "Anzeni." Hakuna aliyeanza. Watoto walikunja mikono vifuani wakamtazama. Mwongozo ulimruhusu kurudia mara mbili, akarudia mara mbili. Walikaa hivyo dakika arobaini. Mmoja alisogeza penseli yake mbali na ukingo wa meza ili isianguke, kisha akakunja mikono tena. Mtahini alikusanya karatasi ishirini na tatu zilizo tupu, akaandika sifuri ishirini na tatu, na kwenye sehemu ya nidhamu akaandika "nzuri sana".

Karatasi zilifika mezani kwangu saa saba. Nilitafuta wastani. Ulikuwa sifuri. Nilikagua mara mbili, kwa mazoea.

Namba ya kumi na nne kwenye orodha ilikuwa ya mjukuu wangu. Alikuwa akiishi kwangu, kwa kuwa mama yake, binti yangu, alikuwa muuguzi katika mji mwingine. Kila asubuhi mtoto yule alihesabu vifungo vya shati langu kabla sijatoka, na kikikosekana kimoja aliniambia ni cha ngapi kutoka juu. Alijua ngazi za nyumbani ni kumi na tatu na kwamba ya saba inalia. Kwa hiyo sifuri ile niliijua kuwa ni uongo tangu nilipoiona. Niliiandika kwenye fomu, nikapiga muhuri, nikatia kwenye bahasha. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, fomu haikuwa na nafasi ya kuandika ninachokijua. Ya pili, nilikuwa nimependekezwa kuwa mwalimu mkuu, na sikutaka isemwe kwamba nimebeba mtoto wangu mgongoni. Niliona haya, na niliendelea na kazi.

Mwalimu alikuja ofisini jioni hiyo. Alikuwa ameshasikia. Nilijiandaa kwa maneno makali, maana niliyastahili. Alisimama mbele ya meza, akaniuliza kama nimewaona watoto. Nilisema nimeona matokeo. Akasema hakuuliza hivyo. Kisha akauliza bahasha inaondoka lini, nikamjibu Ijumaa saa nne, gari la ofisi likipita. Akahesabu kwa vidole, akaniambia nije darasani kwake kesho saa tatu, nikae kwenye kiti, nimtazame mjukuu wangu bila kumuuliza kitu, niandike. Sikuwa na hamu. Nilikwenda kwa sababu mtoto alikuwa amenihesabia vifungo asubuhi ile na nilishindwa kumtazama machoni.

Jumanne nilikaa robo saa na kuandika: "Anacheza." Kikaratasi kilirudi na wino wa kijani: Nini? Na nani? Kwa muda gani?

Jumatano nilijitahidi. Niliandika: "Anacheza vizuri na wenzake. Ana akili." Kilirudi: Akili uliiona ina rangi gani? Na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba nimeangalia saa mara tisa, na kwamba mtoto ameniona nikiiangalia, mara zote tisa.

Alhamisi nilivua saa nikaiweka mfukoni. Magoti yalikuwa karibu na masikio. Nilikaa pale kwa muda ambao siwezi kuutaja, kwa sababu saa ilikuwa mfukoni. Kwenye kona, watoto sita walikuwa wakicheza, na ilinichukua muda kutambua wanacheza nini. Walikuwa wakicheza mtihani. Mvulana mmoja aliyejivika kofia ya gazeti alikuwa mtahini. Aliweka vijiti mezani mbele ya wenzake, kimoja kimoja, akasema kwa sauti nzito, "Anzeni." Wote wakakunja mikono. Akasema tena. Wakamtazama. Ndipo mjukuu wangu akainama upande wake, akamnong'oneza kama mtu anayemsitiri mkubwa aliyesahau: "Wewe mgeni, hujasema karibu." Mvulana akafikiri. Akasema, "Karibuni." Watoto wote walichukua vijiti wakaanza kuandika juu ya meza, na hawakuinua vichwa.

Niliandika yote hayo, na vijiti, na kofia ya gazeti. Nilimpa Mwalimu. Alisoma. Alitoa kalamu ya kijani, akaishika juu ya kikaratasi, akairudisha mfukoni. Halafu, mwanamke niliyemjua kwa miaka ishirini kuwa hayumbi, alikaa chini sakafuni.

Kanuni ilikuwa yake. Mwanzoni mwa mwaka, muuguzi wa zahanati alikuja kuwapima watoto uzito, akatoka nje kupokea simu, na aliporudi alikuta watoto wameufungua mzani hadi springi ya mwisho. Mwalimu aliona aibu. Kuanzia siku hiyo aliwafundisha watoto, asubuhi baada ya asubuhi, kwamba kitu cha mgeni hakiguswi mpaka mgeni mwenyewe aseme karibu. Aliwafundisha kwa michezo, kwa nyimbo, kwa kuwaweka wao wenyewe kuwa wageni. Na wao walikuwa wameiva. Mtihani ulikuwa umepima somo ambalo haukulijua, na watoto ishirini na watatu walikuwa wamelipata lote. Mwalimu aliniambia, akiwa bado sakafuni, kwamba kwa jambo hilo moja alikuwa amesahau kuandika hata kikaratasi kimoja, kwa sababu alidhani ni adabu tu.

Ijumaa saa tatu unusu nilifungua bahasha. Nilitoa fomu, nikaweka barua. Niliandika kwamba matokeo ya shule yetu yasitumike, kwamba niliyapiga muhuri nikijua si ya kweli, na kwamba naomba mtahini arudi na aseme neno moja zaidi. Kikaratasi cha Alhamisi nilikiambatanisha kwa pini. Gari lilipita saa nne na dakika tano.

Niliitwa ofisi ya elimu, nikapewa barua ya onyo, ambayo ipo kwenye jalada langu hadi leo. Ukuu wa shule ulikwenda kwa mwingine, ambaye ndiye mwalimu mkuu wetu wa sasa. Amelisoma fungu hili na hakuona sababu ya kulibadilisha. Mtahini alirudi baada ya wiki mbili. Aliketi kwenye kiti kifupi, akaweka penseli, akasema karibuni. Watoto waliandika kurasa zote kumi na mbili, na mmoja aliendelea kuandika juu ya meza. Wastani ulikuwa kumi na saba nukta nne. Nilimpelekea Mwalimu habari hiyo mbio mbio, kama mtu anayeleta chenji ya ziada, naye akauliza kama watoto wamebadilika tangu wiki mbili zilizopita. Nikasema hapana. Akasema basi wote wawili tuone ni nani aliyepimwa. Aliomba vikaratasi vya miezi minane viingie kwenye majalada pamoja na mtihani, vikaingia. Mwaka wa pili yake ofisi iliacha mtihani kwa shule zetu na kuongeza kwenye fomu ukurasa mmoja mtupu wenye mistari. Mistari haitoshi, lakini ipo.

Watoto wote ishirini na watatu walipanda darasa la kwanza, na Mwalimu hakuiona bohari. Mjukuu wangu ana miaka kumi na sita sasa. Bado ananihesabia vifungo, na siku hizi anatoa maoni kuhusu shati pia.

Tangu wakati huo Mwalimu ameelekeza walimu vijana kumi na wawili kutoka shule za jirani, wengi wao wakilalamika magoti. Mwalimu anayerithi chumba alikaa mihula miwili kwenye kiti cha pembeni kabla ya kuruhusiwa kushika kalamu. Kwa kuwa mstaafu ameagiza tuandike tulichoona, ni haki pia kusema kwamba hajawahi kuwahi chai ya saa nne hata siku moja, kwamba kwenye vikao vya walimu alikuwa akichora viatu, na kwamba mikasi saba ya ofisi ya taaluma iliingia chumbani mwake kwa nyakati tofauti na haijaonekana tena. Tunaipa mikasi hiyo pole.

Siku yake ya mwisho niliomba ruhusa ya kukaa darasani. Alinionyesha kiti kwa kidevu. Kikaratasi changu ninakiweka hapa kama kilivyo.

"Ijumaa, saa tano na dakika arobaini. Watoto kumi na tisa mezani. Mwalimu amewaambia kwamba kuanzia Jumatatu akija atakuwa mgeni. Amevua aproni. Ameikunja mara mbili, ameiweka mezani mbele ya mwalimu mpya, na kalamu ya kijani juu yake. Mwalimu mpya amenyoosha mkono. Mtoto wa meza ya mbele amemshika kidole, amemwambia: bado, hajasema. Mwalimu mpya amerudisha mkono. Watoto wote wamekunja mikono. Mwalimu ametazama aproni. Ametazama dirishani, upande wa bomba. Amefungua mdomo, ameufunga. Mtoto mmoja amemsogezea kiti kifupi, Mwalimu amekaa. Imepita dakika moja na sekunde hamsini. Amesema: karibuni."

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wazazi na watoto wa darasa la awali wa miaka thelathini na moja, ambao kwa hesabu yangu ni mia nane arobaini na wawili na hakuna hata mmoja aliyekuwa wa ngapi, tunakushukuru, Mwalimu. Tunakutakia afya, magoti yaliyopona, viti virefu vyenye mito, na watu wa kukutazama kwa makini kama ulivyowatazama wengine.

Neno la mwisho najua utalizungushia wino, kwa hiyo nimelifanyia kazi. Jumanne, jikoni: mpishi amekufunikia chai ya saa nne, kama anavyofanya kila siku, akijua utachelewa. Jumatano, langoni: fundi saa amesimama na kikaratasi cha mwanawe mkononi, amesema amepita tu, amekaa saa nzima. Ijumaa, chumbani mwako: mwalimu wa taaluma ameshindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe kwa sababu karatasi imelowa. Siku tatu tofauti, mahali patatu tofauti. Tunakupenda, Mwalimu, na kwa kanuni yako hayo si maoni.